Wimbo Uliotoka Jikoni kwa Mama

Jumanne, 6 Juni 2017

Mvua. Mji wote wa Tomé unanuka moshi wa kuni mbichi. Tumefanya mazoezi ghalani mpaka vidole vya Lolo vikafa ganzi. Ghala ni la kile kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mama zamani. Mlinzi anaturuhusu kuingia mradi tusiguse mashine. Bati linavuja juu ya ngoma zangu, nikaweka ndoo. Ndoo nayo ikawa inapiga mdundo wake – na hauendani na wangu hata kidogo!

Bendi ni sisi watatu, kama mwanzo. Yerko sauti na gitaa, Lolo besi, mimi ngoma. Albamu ya kwanza tuliiuza wenyewe mezani, baada ya kupiga kwenye baa za Concepción. Nakala zake nyingi bado ziko chini ya kitanda changu. Sasa kampuni moja ndogo ya Santiago imekubali kutulipia studio. Meneja wao ni mwanamke anaitwa Bernardita. Kasema kwenye simu kwamba ya kwanza tumesamehewa, ya pili hakuna msamaha. Lolo akaguna: kwani tulitenda dhambi gani?

Yerko ana nyimbo za kutosha. Lakini anasema bado mmoja. Hasemi upi. Ananikwepa macho.

Alhamisi, 8 Juni

Ameuleta.

Aliketi juu ya robota la vitambaa vilivyooza, akaupiga peke yake, gitaa bila umeme. Beti zinasimulia meza, taa, maji ya chai yanayochemka mpaka yanakauka. Nikawa natingisha kichwa, mzuri, mzuri. Halafu kiitikio:

*Hajafa. Amechelewa tu.*

Nikaviweka vijiti chini.

Hayo ni maneno ya mama. Hakuna mtu Tomé asiyeyajua. Kaka yangu Celso alikuwa na miaka kumi na tisa, anaosha vyombo kwenye mgahawa wa ufukweni kule Dichato, ile Februari ya 2010 ardhi ilipotetemeka na bahari ikapanda juu. Wengine walipatikana. Yeye hapana. Watu walipokuja na maua ya rambirambi mama alisimama mlangoni akawarudisha nayo. "Hajafa. Amechelewa tu." Akasema hivyo kwa padri. Kwa polisi. Kwa muuza gesi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, shuleni walinitania, "Dana, kaka yako Mchelewaji hajambo?"

Yerko alikuwa rafiki yake Celso. Celso ndiye aliyemfundisha kushika gitaa. Amekula jikoni kwetu tangu hajaota ndevu; mama kwake ni "shangazi" ingawa si ndugu.

Lolo alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Jamani. Huu ndio wenyewe."

Nami nilijua ni kweli. Ndilo linaloniuma. Ungekuwa wimbo mbaya ningekataa kirahisi.

Jumapili, 18 Juni

Chai ya jioni na mama. Mkate, parachichi, redio chini chini. Anapunguza suruali za watu kwenye cherehani yake. Siku hizi haisemi tena ile sentensi. Sijui iliisha lini. Kama kikohozi – unashtukia tu hakipo.

Leo akasimamisha cherehani, akasema bila kuniangalia kwamba amezungumza na fundi wa mawe. Anataka jina la Celso liandikwe kwenye kaburi la bibi. Liwe tayari siku ya Watakatifu Wote, Novemba.

"Mwili haupo," akasema, "lakini jina si lazima liwe na mwili. Nimechoka, Dana. Nataka mahali pa kupeleka maua kama watu wengine."

Nikapaliwa na mkate. Akanipiga mgongoni. "Kula taratibu, nani anakukimbiza?"

Hapo ndipo pa kumwambia. Mdomo ukafunguka. Nikaomba sukari.

Ijumaa, 7 Julai

Studio, Concepción. Chumba kina mazulia ukutani na harufu ya mbwa. Tumeurekodi ule wimbo asubuhi yote na haukai. Fundi wa sauti anasema napiga safi mno, kama saa ya ukutani. Rudia. Rudia. Lolo analalamika njaa.

Baada ya chakula nikafumba macho. Sikuhesabu. Kila pigo nililiacha lije lenyewe, na kila pigo likaja nyuma kidogo – unyoya tu – kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Tukamaliza. Fundi akaniuliza nani kanifundisha kuchelewa namna ile.

Hakukusudia. Yerko akatoka nje.

Jumatatu, 10 Julai

Yerko ameingiza sauti. Mara moja tu, haikurudiwa. Kisha nikamkuta uani, mvua inamwagikia, hana koti.

"Ungesema hapana ningeuchana," akaniambia.

"Ungeniuliza kabla ya kuuleta mbele ya Lolo."

"Nani atamwambia shangazi?"

"Wewe. Ni wimbo wako."

"Ni mama yako, Dana!"

Tukabaki tunatupiana hivyo. Hakuna aliyekwenda kumwambia.

Jumamosi, 7 Oktoba

Albamu imetoka! Tumeiita *Kupwa*. Jana uzinduzi kule Concepción, baa ikajaa mpaka watu wakasimama barabarani na mvua yao. Bernardita kaja kutoka Santiago kavaa mabuti meupe. Anatukumbatia kama wanawe. Tulipofika kwenye *Amechelewa* ukumbi ukanyamaza – baa, watu wamelewa, na kimya! Mwishoni msichana mmoja analia akanishika mkono, akaniambia baba yake aliondoka yeye akiwa mdogo. Mwingine akasema ya mbwa wake. Kila mtu ana wake aliyechelewa.

Nimefurahi. Niandike tu ukweli. Nilifurahi mno.

Mama aliuliza tulipigaje. Nikasema vizuri.

Jumatano, 25 Oktoba

Ameusikia.

Ilikuwa kwa mwoka mikate, kwenye foleni, redio juu ya rafu. Mwoka mikate ndiye kanisimulia. Mama alikuwa ameshika mfuko, anachagua mkate. Kiitikio kikaja. Watu kwenye foleni wakamgeukia, mmoja baada ya mwingine. Akalipa, akasema asante, akatoka. Mkate akausahau juu ya kaunta.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa. Cherehani imefunikwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani kawapa?"

"Yerko alikuwa akikusikia, mama. Alikuwa hapa hapa. Miaka yote ile."

"Na wewe unapiga ngoma."

"Napiga ngoma."

Akakivuta sawa kitambaa cha cherehani. Nje mbwa wa jirani anabweka. Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau:

"Yale maneno nilikuwa nimeanza kuyaacha. Unajua ilivyonigharimu kuyaacha? Sasa yananifuata mpaka kwenye mkate."

Nikataka kumshika. Akainuka kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Jumatano, 1 Novemba

Makaburini. Watu wote wa Tomé na ndoo zao na maua. Fundi wa mawe alikuwa anatusubiri kaburini kwa bibi, jiwe dogo kaliegemeza miguuni, kalifunika gunia. Kazi nzuri. Herufi nadhifu. CELSO.

Mama akalitazama. Akamwambia fundi, kwa upole, kwamba asilipachike. Atalipwa kazi yake, ila asilipachike.

"Kuna kosa, mama? Nimekosea mwaka?"

"Hujakosea kitu. Ni mimi."

Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Nchi nzima inaimba kwamba mwanangu anakuja, halafu mimi mama yake ndiye nimzike?"

Yerko nimempigia, nikamweleza. Upande wa pili nilisikia kelele za basi tu.

Jumamosi, 16 Desemba

Santiago. Joto la kuchoma. Wiki tatu hatujalala kitanda kimoja mara mbili. Valparaíso, Talca, Temuco, Santiago tena. Wimbo unapigwa kwenye taarifa ya habari, kwenye teksi, sokoni. Kuna kijana kauchora mkononi, kiitikio chote, akanionyesha huku ngozi bado nyekundu. Jana Lolo kaomba chakula hotelini na mhudumu akakataa pesa, akataka picha. Lolo kala nyama mara mbili kwa sababu hiyo.

Bernardita ametangaza: Machi tutapiga kwenye tamasha la bustani kubwa hapa Santiago, jukwaa kuu, jioni, kabla tu ya bendi ya mwisho. Wasanii wa nje watakuwepo. Lolo kalia machozi kabisa. Yerko katabasamu na mdomo tu.

Kila usiku natoa lile pigo la kuchelewa. Zamani lilikuja lenyewe. Siku hizi nalitafuta.

Jumanne, 9 Januari 2018

Nyumbani siku chache. Nimeikuta nyumba si ile.

Vijana wanakuja! Habari ya Celso imewafikia magazetini. Wanatoka Chillán, Los Ángeles, mmoja katoka Osorno kwa kuomba lifti. Wanasimama getini, hawagongi, wana aibu. Mwanzo mama aliwafukuza na fagio – jirani kanihadithia huku anacheka. Kisha siku moja mvua ikanyesha na binti mmoja alikuwa na viatu vya kitambaa, basi mama akamwingiza. Akampa chai. Binti akauliza Celso alikuwa mtu wa namna gani.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Hata mimi. Sisi Tomé tulikuwa tunajua, basi, hatukuuliza.

Sasa anawaandalia kabisa. Unga anaukanda tangu asubuhi, anakaanga sopaipilla, yale maandazi ya boga, meza imejaa. Anasimulia Celso alivyoogopa kuku, alivyoimba chooni, alivyofeli hesabu akabandika alama zake kwenye friji. Anacheka! Nimekaa mlangoni naangalia mama yangu anacheka na watu nisiowajua. Niliona wivu. Na sasa nimkasirikie nani, sijui.

Jumapili, 14 Januari

Picha.

Msichana mmoja wa Antofagasta kaituma kwenye simu ya mama. (Mama kanunua simu mpya ili vijana wamwandikie.) Mwanamume yuko ufukweni kaskazini, amebeba mwani mabegani, uso upande. Msichana anasema anaishi peke yake kijiji kidogo karibu na Taltal. Alifika kule mwaka ule ule wa tetemeko. Anaongea kama mtu wa kusini. Hasemi katoka wapi. Umri unalingana.

Mama ameikuza mpaka ikawa vidoti tu. "Angalia shingo," ananiambia. "Shingo hiyo!"

Nimeangalia. Ni shingo.

"Mama, Celso angepiga simu. Angetuma neno."

"Kama anaweza. Kama anakumbuka. Wewe unajua bahari inamfanya nini mtu?"

Alikuwa na mwanga usoni ambao sijauona tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Ukaniogopesha kuliko kilio.

Alhamisi, 18 Januari

Ugomvi mkubwa. Ghalani, milango imefungwa, Bernardita kwenye kipaza sauti cha simu juu ya amplifaya.

Nilisema tuache kuupiga. Nikaeleza picha. Nikaeleza jiwe.

Bernardita: anasikitika sana, kwa moyo wote, lakini wimbo huo ndio tiketi. Watu wanaujia huo. Tamasha lilinunua huo.

Lolo: "Dana, mimi baba yangu alikuwa kwenye boti za watu na mgongo umevunjika. Kwa huu wimbo nimemwambia apumzike. Nimrudishe?"

Sikuweza kumchukia. Angekuwa anasema kwa tamaa ningeweza.

Yerko alikuwa anafungua na kufunga kapo ya gitaa, kile kibano cha nyuzi. Nikamwambia wewe useme, wewe uliyeiba maneno. Ndipo akapandisha sauti.

"Niliiba? Nyinyi mliletewa maua. Mkayakataa, lakini mliletewa! Kwangu nani alikuja? Mimi nilikuwa rafiki tu. Nilikuwa nakaa jikoni kwenu kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa na mtu anayemsubiri. Shangazi akisema kachelewa, mimi niliamini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Dana, na niliamini. Sasa niambie, maneno hayo si yangu hata kidogo?"

Nikafungua mlango wa ghala.

Nikavaa koti nikatoka. Nilifika pwani ndipo nikajua kwamba nalia.

Jumanne, 27 Februari

Kumbukumbu, Dichato. Kila mwaka ni sisi kumi na watano hivi, maua, sala, chai ya chupa. Mwaka huu ufukwe umejaa. Wageni na magitaa. Padri kashindwa kupaza sauti. Walikuja kwa nia njema – nilitazama nyuso zao, ni nia njema tupu. Na wakaimba. Wote. Kiitikio mara sita, saba, kinapaa, mawimbi chini yake.

Mama alisimama katikati na ua lake. Hakuimba. Hakulia. Watu walikuwa wanamgusa bega kama sanamu ya mtakatifu. Yerko alikuwa nyuma kabisa, kofia imeshuka machoni, hakuthubutu kusogea. Mama akamwona. Akampungia mkono aje.

Yerko kaja kainamisha kichwa. "Shangazi, nisamehe."

Mama akamwekea kola ya koti sawa. "Umekonda," akamwambia. "Huli."

Basi. Hakusema nimekusamehe, hakusema sijakusamehe. Ua hakulitupa baharini. Karudi nalo nyumbani.

Jumatano, 28 Februari

Asubuhi nimemkuta anapanga begi. Anakwenda kaskazini.

"Ngoja Machi iishe, mama. Baada ya tamasha nitakupeleka mwenyewe."

"Nimengoja sana. Nenda kapige ngoma zako. Sikukuita."

Anasafiri tarehe kumi na tano. Amechagua yeye, kwa sababu ndipo nauli rahisi ilipopatikana. Tamasha ni tarehe kumi na saba.

Jumamosi, 10 Machi

Nimewaambia. Nitakwenda na mama.

Lolo kakaa chini sakafuni. Yerko alikuwa kama anajua. Bernardita kaniuliza kama naelewa kwamba fursa hii haitarudi. Naelewa. Kuna kijana wa Santiago anayejua nyimbo zetu zote, atakaa kwenye kiti changu. Akasema tena, taratibu: mtu akikaa kwenye kiti jukwaani mbele ya umati ule, kumwondoa si rahisi. Nikamwambia nimesikia.

Lolo alipotoka akanirushia vijiti vyangu. "Kajinga wewe," akasema. Kisha akarudi akanikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Usingizi hakuna. Namwona mtu mwingine anapiga pigo langu. Je, atachelewa inavyotakiwa?

Alhamisi, 15 Machi

Basini. Kituo cha Santiago tulibadilisha. Kulikuwa na bango la tamasha ukutani, majina yote, letu kubwa. Mama kasimama mbele yake na begi lake. "Mko juu," akasema. Ilikuwa kama sifa. Ilikuwa pia kama swali.

Tumekaa viti vya mbele. Kaleta mayai ya kuchemsha na kuku. Tangu La Serena hakuna kijani tena, mawe tu, na jua. Hajawahi kuona jangwa. Anaangalia dirishani kana kwamba mtu kamwambia atazame asipitwe na kitu.

Nikamuuliza, tukifika tukakuta si yeye?

"Basi siye," akasema. Akanimenyea yai.

Ijumaa, 16 Machi

Taltal. Miguu ya mama imevimba. Tumelala mchana kutwa kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda kimoja. Mwenye nyumba anamjua mtu wetu kwa mbali: anaitwa Nibaldo, ananunua mkate mara moja kwa wiki, mtaratibu, hana neno na mtu. Kesho kuna gari la mwani linaloelekea huko.

Mama kafua shati dogo alilolibeba. Shati la Celso. Kalining'iniza dirishani.

Jumamosi, 17 Machi

Naandika nje, juu ya jiwe, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Upepo unageuza kurasa. Lazima niandike sasa hivi maana sijui nini kitafuata.

Gari lilitushusha barabarani. Vibanda vitano sita, bahari, mwani umeanikwa kama nywele. Alikuwa anatembea kutoka majini na mzigo. Mama kaniachia mkono. Mimi nilijua papo hapo. Mfupi. Masikio yamelala. Celso alikuwa na masikio ya kusimama, tulikuwa tunamwita Sufuria. Nikamwangalia mama – anatembea tu, hajapunguza hatua.

Mtu yule katua mzigo. Alikuwa kama ametutegemea na kutuogopa.

"Mama, mimi siye," akasema. "Nilimwambia yule msichana wa picha. Hakunisikiliza."

"Najua siye. Nimejua tangu ulipotoka majini."

"Basi… mbona mmekuja mpaka hapa?"

"Nimekaa kwenye basi mpaka miguu imekuwa kama magogo. Unataka nirudi bila kukaa kitako?"

Akatuingiza. Chumba kimoja, jiko la gesi, viazi kwenye ndoo. Mama kakaa, kavuta ndoo, kaomba kisu. Akaanza kumenya viazi vya mtu asiyemjua, hivyo hivyo, na koti lake la safari. Nilisimama kama nguzo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa kuzimia, kwa kumbeba. Si kwa viazi.

Wakamenya wote wawili. Baadaye mama akauliza, kama anauliza hali ya hewa:

"Kwenu ni wapi?"

"Lebu."

"Mama yako yupo?"

Kisu chake kikasimama. "Yupo. Nadhani yupo. Sijampigia tangu niondoke."

"Tangu tetemeko?"

Akaitikia kwa kichwa. Hakueleza kwa nini. Mama hakuuliza kwa nini.

"Anajua uko hai?"

Alimenya kiazi mpaka kikabaki kama njugu.

Ndipo nikatoka nje, na simu yangu ikaita. Mtandao mzuri uko kule juu kwenye mwinuko tu, lakini hapa mlangoni ilishika. Yerko. Nyuma yake kelele za jukwaa, mtu anajaribu vipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Watu wameshaanza kuingia bustanini, kasema, hawana mwisho. Halafu, haraka haraka:

"Dana, sitaki kujua kama ni yeye. Usiniambie. Niambie tu tuupige au tusiupige. Nitafanya atakavyosema shangazi. Bernardita na apasuke. Muulize, nasubiri."

Nikaingia nayo ndani. Nikasema ni Yerko, anataka kujua leo waimbe au wasiimbe.

Mama akajifuta mikono kwenye koti. Akaichukua simu, akaitazama, akabonyeza – akakata! Yerko, katikati ya sentensi. Kisha akamnyooshea Nibaldo.

"Namba ya kwenu hawajabadilisha," akamwambia. "Hatubadilishi. Sisi tunaosubiri, hata ikiwa ghali namna gani, hatubadilishi. Piga."

"Mama, siwezi."

"Si lazima useme kitu. Pumua tu. Atajua."

Amekataa, akakubali, akakataa. Sasa wako pale juu kwenye mwinuko, wote wawili. Nawaona kutoka hapa nilipo. Simu imo mkononi mwa Nibaldo na inaita – ni Yerko tena, nani mwingine – mama anamwonyesha namna ya kumkata. Kamkata. Inaita tena. Kule Santiago watapanda sasa hivi na hakuna aliyewajibu.

Nibaldo kabonyeza tarakimu mbili tatu. Kasimama. Upepo unampigapiga shati. Mama hamgusi, hamsukumi, kajikunyata tu pembeni yake na koti lake, na hajamwondolea macho. Sasa kabonyeza nyingine, na nyingine.